Kisanduku Kidogo, Jina Refu: Namna ya Kujaza Fomu za Mtandaoni kwa Usahihi

Mazungumzo kwa watumiaji wa huduma za mawasiliano, Kata ya Maretadu, Halmashauri ya Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara



Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa sura ya nje ni dogo, yaani ukubwa wa visanduku tunavyojazia taarifa zetu mtandaoni. Huenda mtu akajiuliza Mamlaka inahusika vipi na upana wa kisanduku. Jibu ni kwamba leo mlango wa huduma nyingi ni fomu ya mtandaoni. Kijana aliyemaliza kidato cha sita huomba mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu kwa fomu ya mtandaoni. Anayetafuta kazi serikalini huomba kwa Sekretarieti ya Ajira kwa njia hiyo hiyo. Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, jina la biashara kutoka BRELA, namba ya mlipakodi kutoka TRA, vyote huanza na visanduku vitupu vinavyosubiri majibu. Anayekosea kujaza kisanduku kimoja anaweza kukosa huduma aliyoistahili, na mara nyingi huambiwa kosa ni lake. Leo nitaeleza kwa nini si kila kosa ni la mjazaji, na namna ya kujilinda.

Kwa nini fomu moja huonekana tofauti

Fomu ya karatasi ikipigwa chapa huwa moja kwa watu wote. Aliye Maretadu na aliye Dodoma huona mstari ule ule wenye urefu ule ule. Fomu ya mtandaoni haiko hivyo. Tovuti haitumi picha ya fomu. Hutuma maelezo ya namna ya kuichora, na kazi ya kuchora huachiwa programu iliyomo ndani ya simu au kompyuta yako. Programu hiyo ndiyo kivinjari. Chrome, Safari, Firefox na Opera Mini ni vivinjari. Kila kimoja ni sawa na fundi aliyepewa maelezo ya kazi, na kila fundi ana mkono wake.

Tofauti hutokea kwa njia tatu kubwa.

Njia ya kwanza ni hesabu ya herufi. Kanuni za kutengeneza fomu za mtandaoni zilizochapishwa mwaka 1995 zilimruhusu mtengenezaji kutaja ukubwa wa kisanduku kwa idadi ya herufi. Asipotaja chochote, kanuni za sasa huchukua herufi 20. Lakini herufi hazilingani upana. Herufi i ni nyembamba, herufi m na w ni pana. Kwa hiyo kivinjari hukadiria kwa wastani wa upana wa herufi katika mwandiko kinaoutumia. Mwandiko wa simu ya Android si ule wa iPhone, wala ule wa kompyuta yenye Windows. Zaidi ya hayo, visanduku kwa kawaida havifuati mwandiko wa ukurasa. Hutumia ule wa kifaa, isipokuwa mtengenezaji ameagiza vingine. Ndiyo maana kisanduku cha herufi 20 kwenye simu moja kinaweza kuonyesha namba nzima, na kwenye simu nyingine kikaficha mwisho wake.

Njia ya pili ni swali ambalo kila seremala hapa analifahamu. Mteja akisema anataka mlango wa upana wa sentimeta 90, fundi mzuri humuuliza: pamoja na fremu au bila fremu? Visanduku navyo vina fremu, yaani mstari wa pembeni na nafasi ndogo kati ya mstari na maandishi. Kanuni rasmi za kupamba kurasa, zilizotoka mwaka 1996, zilisema upana upimwe bila fremu. Internet Explorer 5, kivinjari kilichotumika sana zama zake, kilipima pamoja na fremu. Hadi leo, ndani ya kivinjari kimoja, kisanduku cha kuandikia jina hupimwa bila fremu, na kile cha kuchagulia mkoa au wilaya hupimwa pamoja nayo, mpaka mtengenezaji aagize kipimo kimoja kwa vyote. Akisahau, visanduku alivyovipa upana sawa hutoka mmoja mrefu na mwingine mfupi, na kwenye kioo chembamba cha simu kile kirefu hutokeza nje ya ukingo.

Njia ya tatu ni kioo chenyewe. Ukurasa uliotengenezwa kwa ajili ya kompyuta, ukifunguliwa kwenye simu bila maandalizi, huchorwa kwanza kwa upana mkubwa kisha ukapunguzwa ili uenee. Maandishi huwa madogo kama mbegu za ulezi. Kwenye iPhone, ukigusa kisanduku chenye maandishi madogo, ukurasa hujikuza wenyewe na sehemu nyingine zikatoka nje ya kioo. Opera Mini, ambayo wengi huipenda kwa sababu hutumia bando kidogo, hubana ukurasa kwenye mitambo ya kampuni yake kabla ya kukuletea. Kwa kusoma habari inafaa sana, lakini fomu yenye hatua nyingi huenda isifanye kazi kama ilivyokusudiwa.

Kisanduku kinaposema uongo

Ndugu wananchi, hapa ndipo penye uzito wa mazungumzo yetu. Ukubwa wa kisanduku huzungumza. Kikiwa kirefu, mjazaji huelewa kwamba anatakiwa kuandika mengi. Kikiwa kifupi, huelewa kwamba anatakiwa kufupisha. Na mtu akiona jina lake halienei, kwa nia njema kabisa hulipunguza.

Katika wilaya yetu hili si jambo la kubuni. Majina ya Kiiraqw yana herufi ambazo mifumo mingi haikuzizoea. Kuna yanayoanza kwa Hh, kuna yenye Tl, Sl na Qw, na wapo wanaoandika alama ya mkwaju ndani ya jina kwa kufuata maandishi ya lugha yao. Mtu mwenye majina matatu marefu akikuta kisanduku kifupi, huandika herufi ya kwanza tu ya jina la kati. Mwingine huacha h moja. Mwingine huandika Tluwai mahali ambapo kitambulisho chake kinasema Tluway. Wakati mwingine hata si yeye. Ni kibodi ya simu inayojifanya mwalimu na kusahihisha neno isilolijua.

Matokeo yake huonekana baadaye. Mfumo hulinganisha jina la fomu na jina lililo NIDA, na jina la cheti cha kuzaliwa na lile la cheti cha shule. Yasipofanana, maombi husimama. Hapo ndipo huanza safari za kwenda Mbulu mjini, hati za kiapo, nauli na siku za shamba zinazopotea, na tarehe ya mwisho ya maombi haisubiri mtu. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wenyewe ulikuwa herufi moja.

Kwa hiyo, kanuni ya kwanza ninayowaomba mwondoke nayo ni hii: ukubwa unaouona si kikomo cha kuandika. Katika kanuni za fomu, upana wa kisanduku ni jambo moja, na idadi ya herufi zinazokubaliwa ni jambo jingine, linalopangwa peke yake. Kisanduku kifupi kinaweza kupokea jina refu. Maandishi husogea ndani yake kama foleni inayopita dirishani. Andika jina lako lote kama lilivyo kwenye kitambulisho, kisha sogeza kidole ndani ya kisanduku mpaka mwisho uhakikishe kila herufi imo. Kikigoma kweli kupokea herufi zaidi, usijitungie ufupisho. Piga picha ya kioo, kisha uliza taasisi husika wanataka uandike vipi.

Namba zinazokatwa kimya kimya

Upande wa pili wa tatizo hili ni mgumu kuuona. Tuchukue Namba ya Utambulisho wa Taifa, ambayo ilipata uzito mpya tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipoanza nchi nzima tarehe 1 Mei 2019. Namba hiyo ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Kwenye kitambulisho imegawanywa kwa vistari vitatu. Ukihesabu na vistari, alama zote ni 23.

Sasa fikirini fomu iliyowekewa kikomo cha alama 20. Mwombaji ananakili namba yake kutoka kwenye ujumbe wa simu, pamoja na vistari, na kuibandika. Kivinjari huchukua alama 20 za mwanzo na kuziacha 3 za mwisho bila kutoa onyo lolote. Fomu nzuri itakataa kuendelea na kueleza sababu. Fomu mbaya itapokea namba pungufu, na mwombaji ataondoka akiamini amemaliza. Kisanduku kikiwa kifupi pia, hata akitazama hataona kilichokosekana.

Ndiyo maana inafaa kuzijua hesabu za namba zetu kama tunavyojua hesabu ya mifugo inaporudi zizini:

- Namba ya Utambulisho wa Taifa: tarakimu 20, pamoja na vistari, alama 23.
- Namba ya mlipakodi: tarakimu 9.
- Namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, inayojulikana kwa wengi kama kontro namba: tarakimu 12, zikianza na 99.
- Namba ya simu: tarakimu 10 ikianza na 0, tarakimu 12 ikianza na 255, na alama 13 ukiweka alama ya kujumlisha mbele.

Kosa la namba ya simu nalo hutokea sana. Kisanduku kinaonyesha 255 pembeni, na mjazaji anaandika tena 0 mwanzoni. Au mfumo unahesabu namba ya simu kama idadi ya magunia na kuifuta 0 ya mbele, kwa kuwa katika hesabu sifuri ya mbele haina thamani. Ujumbe wa kuthibitisha hauji, na mwombaji anasubiri bure. Kabla ya kubonyeza, soma mfano uliowekwa karibu na kisanduku na uufuate.

Neno la siri lina mtego wake. Ipo mifumo ambayo ukurasa wa kujisajili hukata neno refu, na ukurasa wa kuingilia haulikati. Kesho yake mtu anaandika neno lile lile na kuambiwa si sahihi. Likikupata hilo, tumia njia rasmi ya kubadilisha neno la siri, na safari hii usizidishe urefu uliotajwa kwenye maelekezo.

Kujaza kwa mkono wa mwingine

Wengi wetu hujaziwa fomu stesheneri, Haydom, Dongobesh au Mbulu mjini. Si vibaya. Kompyuta ina kioo kipana na wahudumu wana uzoefu. Lakini anayejaza hajui jina lako linavyoandikwa. Wewe ndiye unayejua. Nenda na kitambulisho, si namba iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Kaa karibu na kioo. Kabla ya kutuma, omba akufungulie ukurasa wa mapitio na umsomee herufi kwa herufi. Omba nakala iliyochapishwa. Namba ya simu na barua pepe zinazoandikwa ziwe zako, kwa sababu taarifa zote zitakwenda huko. Mwishoni, mwombe atoke kwenye akaunti yako na asihifadhi neno lako la siri kwenye kompyuta yake. Kompyuta inayotumiwa na watu wengi hukumbuka majibu ya waliotangulia, na inaweza kuyaweka yenyewe kwenye fomu ya mtu mwingine.

Jambo jingine la usalama: tovuti za taasisi za Serikali huishia na .go.tz. Tazama anwani hiyo kabla ya kuandika chochote. Na kisanduku chochote kinachokuomba namba ya siri ya akaunti yako ya pesa kwenye simu ili upate mkopo, ajira au zawadi, kiwe kirefu au kifupi, usikijaze. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda namba 15040 pamoja na namba ya aliyekutumia. Ukitaka kujua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#.

Mnachostahili kudai

Nimesema mengi juu ya wajibu wa mjazaji. Haki inataka niseme pia wajibu wa mwenye fomu, kwa maana mwananchi hapaswi kuwa fundi wa kompyuta ndipo apate huduma.

Dawa ya matatizo haya inajulikana na haina gharama kubwa. Mtengenezaji anaweza kuagiza visanduku vyote vipimwe pamoja na fremu, akataja mwandiko na ukubwa wake, na akapanga upana kwa sehemu ya kioo badala ya kipimo kisichobadilika; navyo vitalingana kwenye kila kivinjari. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikiwa na watu wote, katika toleo la mwaka 2018, unataka ukurasa uweze kusomeka kwenye kioo chembamba cha vipimo 320 bila msomaji kulazimika kuuvuta huku na huku. Nchini Uingereza, miongozo ya huduma za Serikali mtandaoni hushauri kisanduku cha taarifa yenye urefu unaojulikana kilingane na taarifa hiyo: cha mwaka kiwe kifupi, kwa kuwa mwaka una tarakimu 4. Kwa kipimo hicho, kisanduku cha namba ya NIDA kingeonyesha alama 23 zote kwa mara moja, na mfumo ungeondoa vistari wenyewe baada ya kupokea.

Vijana mnaojifunza kutengeneza tovuti, na walimu mnaotengeneza fomu za shule, ninawaomba mfanye jaribio moja kabla ya kuitoa fomu yenu: ifungueni kwenye vivinjari viwili na kwenye simu ya bei ndogo kuliko zote mtakayoipata, kisha jazeni jina refu kuliko yote kijijini. Fomu ikilipokea na kulionyesha, iko tayari.

Mtumiaji akikwama ana mahali pa kwenda. Kwanza, amweleze mwenye huduma, akiwa na picha ya kioo, tarehe, jina la kivinjari na aina ya simu. Maelezo hayo manne humwezesha fundi kuliona tatizo, kwa sababu kwenye kompyuta yake huenda kila kitu kinaonekana sawa. Kama huduma ni ya mawasiliano, na mtoa huduma hajatatua lalamiko, lilete kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 2003. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyoweka Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano ili kusemea watumiaji. Kama taarifa zako zimehifadhiwa kimakosa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kuomba zirekebishwe. Jina lako lililokatwa ni taarifa yako binafsi.

Mambo ya kukumbuka

1. Andika jina lako lote kama lilivyo kwenye kitambulisho, hata kisanduku kikionekana kifupi.
2. Zima usahihishaji wa maneno kwenye kibodi kabla ya kuandika majina.
3. Hesabu tarakimu, na usogee mpaka mwisho wa kisanduku kuziona zote.
4. Ukibandika namba yenye vistari, hakikisha mwisho wake haukukatwa.
5. Fomu ikionekana vibaya, ilaze simu upande, au ifungue kwa kivinjari kingine kabla ya kuanza upya.
6. Soma ukurasa wa mapitio, kisha piga picha ya uthibitisho na uitunze.
7. Usisubiri siku ya mwisho. Kosa linaloonekana mapema lina nafasi ya kurekebishwa.

Ndugu zangu, jina ambalo mzazi alimpa mtoto hapa Maretadu lina thamani ile ile mbele ya mfumo wa kompyuta kama lililo nayo mbele ya jamaa zake. Fomu inayoshindwa kulipokea ndiyo yenye kasoro, nayo inapaswa kutengenezwa. Tutakapokuwa tunaidai haki hiyo, tulinde majina yetu kwa kuyaandika kwa ukamilifu, herufi baada ya herufi.